Boriti ya Chini

Mlinzi wa kwanza alimpiga rungu la bega, wa pili akamtia teke la mbavu, na Sikio, fundi wa kuchomelea, akaanguka kifudifudi juu ya boriti huku nondo yake ingali mdomoni. Jino moja liling'oka.

"Muulizeni tena amesikia nini," msimamizi alisema, akacheka.

Jina lenyewe lilitokana na tabia hiyo. Huuma ncha moja ya nondo, ncha ya pili akaigusisha chuma, akasikia kwa mifupa ya kichwa kile ambacho masikio ya watu hayakipati. Hakufundishwa shuleni. Alifundishwa na kaka yake, kabla miguu ya kaka haijasagwa ndani ya banda hilihili la kokoto, miaka minne iliyopita, siku ya Jumanne, saa tatu na robo asubuhi. Wengine wamesahau hata mwaka. Sikio hajasahau hata robo.

Bandani mlipita boriti mbili ndefu za chuma, moja juu ya nyingine, zimeungwa kwa springi kumi na mbili. Ya juu ilibeba chekeche, mashine inayotikisa kokoto mchana kutwa. Ya chini ilibeba jukwaa lililozungushiwa wavu, walikosimama wanawake sita wakichambua mawe mabovu, na kiongozi wao alikuwa dada yake Sikio. Mlango wa jukwaa hufungwa kwa kufuli kwa nje mpaka saa sita, eti wachambuaji wasizurure. Ufunguo msimamizi huuvaa shingoni kama hirizi.

Wiki iliyopita boriti ya juu ilikuwa ikitetemeka hadi nati zinadondoka. Msimamizi akaamuru springi zibadilishwe, zikawekwa laini zaidi. Boriti ikatulia tuli. Akaweka juu yake glasi ya maji, maji yasitikisike, akawaita wakubwa waje kuitazama, nao wakampigia makofi.

"Mtikisiko haujaisha, mkubwa," Sikio alisema, akitema damu. "Umeteremka. Hii ya juu imetulia kwa sababu ya chini inaruka badala yake. Mshono wake wa kuchomelea umeanza kuachama. Zima mashine."

"Glasi ile pale. Inacheza?"

"Iweke chini uone."

"Chini kuna mdomo wa dada yako. Huo ndio unaotikisa kiwanda."

Walinzi wakacheka. Wakamburuta ngazini wamtupe nje, msimamizi nyuma yao na glasi mkononi. Walipofika kwenye mlango wa jukwaa akamnyooshea. "Sukutua, fundi. Usinichafulie lango."

Sikio akaipokea, akainama, akaiweka juu ya boriti ya chini.

Glasi iliruka kama panzi, ikatua, ikaruka tena, ikapasuka.

Walinzi wakatazamana. Mmoja akatupa rungu, wote wawili wakatimua mbio. Ndani ya wavu wanawake walikuwa wameshikana mikono, magoti yakigongana, na dada akapaza sauti: "Mdogo wangu, tangu asubuhi meno yanatugongana! Tufungulie!"

"Ufunguo," Sikio alisema.

"Saa sita, kama kawaida."

Nondo, ambayo Sikio hakuwa ameiachia, ikamshukia msimamizi gotini. Mfupa ukalia. Sikio akaikamata kamba ya ufunguo, akaivuta mpaka ikakatika na kuacha mstari mwekundu shingoni. Swichi ilikuwa mwisho wa banda, hatua arobaini. Kufuli lilikuwa hatua tatu. Akaanza na kufuli. Wanawake wakamiminika, wakikanyagana, dada akiwa wa mwisho.

Msimamizi hakuwafuata. Alipanda ngazi kwa mikono, akiburuta mguu, akaikumbatia boriti ya juu. "Hapa hapatikisiki!" alipiga kelele. "Hapa nimepima mwenyewe!"

Mshono ukaachia. Boriti ya chini ikakatika kwa mlio wa bunduki, jukwaa likaanguka, springi zikachomoka moja baada ya nyingine. Moja ikampasua dada mkono toka kiwiko hadi kifundo. Na boriti ya juu, iliyokuwa imetulia kwa sababu mwenzake anaumia, sasa ilibaki peke yake na chekeche. Ikaanza kupanda na kushuka kama kitu kilichopandwa na wazimu, na mtu juu yake.

"Zimeni! Jamani, zimeni!"

Sikio alifika kwenye swichi. Akaishika. Hakuivuta. Siku ile kaka alipolia neno hilohilo, msimamizi huyuhuyu alitazama saa ya ukutani, akasema, tumalize lori hili.

Sikio akatazama saa ya ukutani.

"Zima, mdogo wangu." Dada alikuwa nyuma yake, damu ikimchuruzika vidoleni.

"Tumalize lori hili, dada."

Dada akamzaba kofi la mdomo, palepale penye pengo jipya, akaivuta swichi mwenyewe kwa mkono mzima.

Banda likanyamaza. Juu ya boriti hapakuwa na mtu. Msimamizi alikuwa chini, juu ya lundo la kokoto, hai, miguu imeelekea kusiko kwake, akilia kama walivyolia wengine.

Dada alifunga kanga juu ya jeraha, akalipanda lile lundo.

"Njoo ushike mabega," alisema. "Miguu niachie mimi. Nimeshawahi kubeba ya kaka."

Sikio akatema damu. Kisha akaweka nondo chini, akaenda.