Chanjo Iliyoninyang'anya Kwaya

Tulipoambiwa kwamba wafugaji wa kuku wa Mutoshi watachanjwa dhidi ya homa ya ndege, mimi ndiye niliyejitolea kuwatuliza wengine. Watu walikuwa na hofu. Mmoja alidai kuwa binamu yake ameota manyoya mgongoni. Basi nikavaa suti ya kanisani, nikasimama mlangoni mwa kituo cha afya, nikahutubia. Mimi ni kiongozi wa kwaya. Nikiona watu watatu wamesimama pamoja, mikono yangu inanyanyuka yenyewe.

Muuguzi Falonne alinichoma sindano begani hotuba ikiendelea, kisha akanieleza taratibu, akiniita tata, yaani baba, kama wanavyoniita wote.

"Tata Kalumba, mukono utauma. Unaweza kuchoka, kichwa kuuma, pengine na homa kidogo. Siku moja ao mbili, inaisha. Lakini kama uso inavimba, ao unashindwa kupumua, rudia hapa mbio. Sasa ikala pale kwanza, tukuangalie."

Nilisikia "mukono utauma" na "unashindwa kupumua". Mengine yote yalipita nikiwapungia watu wa nje. Mke wangu, Laurentine, alichanjwa baada yangu. Yeye alikaa kwenye benchi, akasikiliza hadi mwisho, akauliza na maswali.

Jioni bega langu likawa zito, kichwa kikaanza kugonga, nikatetemeka chini ya blanketi. Nikajichunguza pumzi. Mtu akianza kuisikiliza pumzi yake mwenyewe, haiendi tena sawa. Yangu ikawa fupi, nikaikimbiza, ikazidi kuwa fupi. Laurentine akapita na ndoo ya maji ya kuku.

"Uso yangu imevimba?" nikamuuliza.

"Ni uso yako ya siku zote. Lala, tata Jémima. Falonne alisema homa itakuja na itaenda."

Kwangu hilo lilikuwa na maana moja tu: ananificha. Nikampigia simu binti yetu Jémima, aliyeolewa Sandoa, ili nimuage. Nikamwomba awalee wanawe katika njia ya Bwana. Akasema, "Papa, nipatie mama." Waliongea, wakacheka. Nikawasamehe wote wawili.

Asubuhi nikaagiza aitwe mchungaji Ezéchiel, pamoja na Edouard. Edouard ni fundi wa kuchomelea vyuma na naibu wangu kwenye kwaya. Ana sauti nzuri kuliko yangu, na kwa sababu hiyo hiyo nilikuwa nimemweka safu ya nyuma.

Wakakaa kando ya kitanda. Niliongea kwa sauti ya mtu anayekata roho, sauti ambayo nilikuwa nimeifanyia mazoezi kabla hawajafika.

"Edouard, mi nakwenda. Kwaya nakuachia weye. Baimbishe muzuri."

Machozi yakamtoka. Mchungaji akasema yeye ni shahidi, akaanza sala ndefu. Mimi pia nililia, nikiwaza jinsi kanisa litakavyonikosa.

Hatujafika kwenye amina, Falonne akaingia. Alikuwa akizungukia waliochanjwa kuona hali zao. Akanipima joto, akanisikiliza kifua, akanitazama ulimi.

"Tata, unapumua muzuri. Homa yako ni kidogo sana. Umekunywa maji?"

Sikuwa nimekunywa. Mtu anayekufa haombi chai. Falonne akamgeukia Laurentine, aliyekuwa amesimama mlangoni na trei ya mayai.

"Na weye, mama?"

Akampima, akakitazama kile kipimo, akakitazama tena. "Mama, homa yako inapita ya tata mbali. Ilianza wakati gani?"

"Jana jioni," Laurentine akasema. "Lakini bakuku banakula kila siku."

Mchungaji akaanza kukagua dari. Nikatoka kitandani. Nilitumaini miguu ingelegea, angalau kwa heshima ya wageni, lakini ilinibeba bila shida yoyote. Nikampokea Laurentine trei, nikamlaza mahali pangu. Falonne akampa vidonge vya kushusha homa, akasema hakuna la kuogopa, apumzike tu na anywe maji ya kutosha.

Nikaenda kuchota maji. Mkono uliuma kweli, nikabebea ule mwingine. Nikapika uji, ukashika chini. Laurentine akaunywa wote bila kusema neno, jambo ambalo si tabia yake kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa kikweli. Nikakaa karibu naye, nikiisikiliza pumzi yake badala ya yangu.

Kesho yake homa ilikuwa imemtoka, na akaniambia uji ule ulikuwa mbaya. Nilifurahi sana.

Jumapili niliwahi kanisani ili nimweleze Edouard kwamba Mungu amebadili mpango. Nikamkuta akiwapanga waimbaji, shati lake jipya limepigwa pasi. Na mchungaji alikuwa amekwisha kuwasimulia watu jinsi tata Kalumba alivyoiacha kwaya kwa unyenyekevu. Wamama wakaja kunishika mikono.

"Bantu wa roho kama ile ni kidogo, tata," mmoja akasema.

Nikasema ni neema tu.

Edouard akanionyesha nafasi safu ya nyuma, kati ya watu wa besi. Aliona haya kidogo, na nadhani alikuwa tayari kunirudishia kazi kama ningeiomba. Sikuiomba. Tukaimba, na kwaya ikaimba vizuri kuliko ilivyowahi kuimba chini yangu. Kanisa zima lilisikia. Mimi, niliyekuwa katikati ya waimbaji, nilisikia kuliko wote.

Tukiwa njiani kurudi, Laurentine akasema, "Sauti yako inakaa muzuri kule nyuma."

Tulipofika nyumbani alivua viatu, akaketi, akanyoosha miguu, akaniambia unga wa kusongea bukari, ugali wa kwetu, uko wapi.