Nishani Iliyoiva

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, mwaka 1995, Tupokigwe alikabidhi vifaa vya maabara kwa karani wa stoo, Alfred. Walisimama pande mbili za meza ya mapokezi na kuvihesabu: bika kumi na moja, moja ina ufa, mizani na mawe yake, jiko la mafuta ya taa, koti jeupe lisilo na kifungo cha tatu. Alfred alitia alama ya vema kila mstari, akamsogezea karatasi asaini.

"Samahani, dada Tupo," alisema. "Orodha ningeiandika mimi, ningeanza na wengine."

"Wewe andika tu kwamba kifungo hakikupotelea kwangu. Koti lilikuja hivyohivyo."

Orodha ilikuwa imetoka Dar es Salaam. Serikali ilikuwa inapunguza watu, na katika kituo hicho kidogo cha utafiti wa mazao, pembeni mwa mji wa Tukuyu, waliotangulia kupunguzwa walikuwa wale wasio na vyeti. Tupokigwe alikuwa ameishia darasa la saba. Mambo mengine yote alijifunza kwenye meza ya maabara, kwa miaka kumi na tisa.

Nyuma ya Alfred palikuwa na kabati la kioo, na ndani yake ilining'inia nishani ya shaba yenye utepe wa bluu. Chama cha wanakemia kilikuwa kimemtunukia mkuu wa kituo, Dokta Hezron, kwa kutambua mafanikio yake katika kemia ya chakula na malighafi. Maneno hayo yalichongwa nyuma ya nishani. Jina lake lilichongwa mbele.

Mafanikio yenyewe yalikuwa hivi. Kipimajoto cha mwisho cha kituo kilipovunjika na kingine kisiletwe, Tupokigwe alizoea kupima joto la nta kwa ngozi ya ndani ya mkono wake, juu kidogo ya kiganja. Kwao Kisondela alikuwa ameona tangu utoto kwamba panga lililokatia mgomba hubaki na utando usiotoka hata kwa maji ya moto. Akachanganya utomvu huo na nta ya nyuki na wanga wa mhogo, akapaka ndizi. Alirudia mara mia moja na arobaini. Mkungu wa mwisho ulining'inia siku thelathini na nne ukiwa mbichi, ukaoshwa, ukaiva kama kawaida, na wafanyakazi wote wakaula. Yeye mchanganyiko huo aliuita koti. Dokta Hezron aliuandikia makala, akaupa jina refu, na mwishoni akawashukuru wasaidizi wa maabara bila kumtaja hata mmoja.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amehamishiwa hapo kutoka mbali, na aliwasalimia watu wote kila asubuhi. Mke wa mlinzi aliposhikwa na uchungu, ni yeye aliyetoa gari la kituo limpeleke hospitali.

Siku Dokta alipoirudisha nishani kutoka kwenye sherehe ya Dar es Salaam, ilifika ikiwa na vidoa vya kahawia. Watu walidhani ni vumbi la safari. Ilikaa kabatini siku moja, Tupokigwe akifanya kazi chumba cha pili, na vidoa vikatoweka. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo.

Waliopunguzwa walipewa siku mbili kuhama nyumba za kituo. Jambo lililomnyima Tupokigwe raha lilikuwa mguu wa mama yake. Anyosisye alikuwa na kidonda kifundoni ambacho muuguzi wa zahanati, mita mia tatu kutoka nyumbani kwao, alikisafisha kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kutoka Kisondela ingekuwa saa mbili za kubebwa mgongoni, kwenye njia ya matope. Jumatano walihama hivyohivyo. Kaka yake Tupokigwe aliwapa chumba cha nyuma, chenye bati moja linalovuja, na Ijumaa ikapita bila kidonda kusafishwa.

Jumatatu iliyofuata Alfred alifika akiwa ametembea, suruali imejaa matope hadi magotini. Tupokigwe alikuwa kibarazani anamenya ndizi za kupika mbalaga, chakula cha kwao. Alimpa kigoda.

"Ile nishani imeanza kuiva," alisema Alfred.

"Imeanzia wapi?"

"Ukingoni. Alhamisi ilikuwa na vidoa. Jumamosi ikaanza kunukia. Leo ukiibonyeza, kidole kinazama."

"Mmeiweka wapi?"

"Kwenye friji."

"Ndizi haiwekwi kwenye friji, Alfred. Itakuwa imekuwa nyeusi."

"Upande mmoja."

Tupokigwe aliendelea kumenya. "Dokta ameipaka koti?"

"Ameipaka jana. Halikushika. Limeteremka lote likaganda kwenye sahani."

"Nta aliipasha kiasi gani?"

"Kama makala inavyosema."

Tupokigwe alitikisa kichwa. Kipimo cha kwenye makala Dokta alikuwa amekikisia, kwa sababu wakati huo kipimajoto hakikuwepo na yeye hakuuliza. Nta ilitakiwa kupoa hadi mkono uivumilie, na utomvu uingie kabla ya wanga. Hayo hayakuandikwa popote.

"Ijumaa kuna wajumbe wanakuja kukagua," alisema Alfred. "Wanaamua kituo kipi kibaki na kipi kiuzwe. Dokta hajala tangu jana."

Walimpa chakula, akala, akarudi.

Kesho yake Dokta Hezron alikuja mwenyewe. Gari lilikwama njiani, akaliacha kwa dereva na kumalizia kwa miguu, amekumbatia kopo la plastiki lililowahi kuwa la siagi. Alimsalimia Anyosisye kwa Kinyakyusa, "Mugonile," kwa matamshi ya mtu aliyefundishwa salamu hiyo moja tu.

"Ndaga, tata," alijibu mzee kwa shukrani. "Kaa hapo pakavu."

Dokta aliketi, akafungua kopo. Visubi wa matunda walitoka, wakazunguka, wakarudi ndani. Nishani ilikuwa imelala juu ya karatasi, laini, imejaa madoa, upande mmoja mweusi kabisa. Kipete kilichoshika utepe kilikuwa kimechomoka kama kikonyo. Tupokigwe aliitoa kwa vidole viwili asiiponde, akaiweka kwenye kiganja cha mkono wa kushoto.

"Ingekaa mpaka kesho, ingemwagika," alisema.

"Ndiyo maana nimekuja leo."

"Unajua kwa nini imekuwa hivi, Dokta?"

Dokta Hezron aliangalia viatu vyake. "Najua. Tangu Dar es Salaam nilijua."

Mvua ilianza kidogo, ikanyesha juu ya migomba. Anyosisye alijisogeza mbele kuiangalia nishani kwenye kiganja cha mwanawe. Ule weusi ulikuwa umeanza kurudi nyuma, taratibu, kutoka katikati kuelekea ukingoni.

"Imemjua mama yake," alisema, akaendelea kufunga upya kitambaa cha mguuni.

"Basi andika jina langu," alisema Tupokigwe.

"Lililochongwa limeshachongwa, mama. Na makala imeshachapwa, imesomwa hadi nje. Nikisimama sasa niseme si mimi, wajumbe hawatauliza ni nani. Watafunga kituo. Watu kumi na wanane watarudi makwao, na mlinzi ana mtoto wa wiki tatu."

Aliyasema kwa upole, na yalikuwa kweli. Hilo ndilo lililomchosha Tupokigwe. Alikuwa amejiandaa kwa mtu wa kukana.

"Jina langu halingekuzuia kitu siku ile ulipokuwa unaandika," alisema. "Siku ile kituo kilikuwa hakifungwi."

"Halingenizuia," alikubali Dokta.

Mke wa kaka yake alileta chai, wakanywa. Tupokigwe alishika kikombe kwa mkono wa kulia tu.

"Basi nataka ufunguo wa maabara," alisema hatimaye. "Na nyumba yangu. Nilikuwa nimeanza kazi ya maparachichi. Hapa Kisondela yanaoza chini ya miti, tunalishia nguruwe. Nilikuwa nimefika siku ya kumi na mbili."

"Nafasi ya msaidizi wa maabara imefutwa. Orodha ya Dar siwezi kuigusa. Iliyobaki ni ya mhudumu wa mapokezi."

"Mhudumu wa mapokezi anakaa wapi?"

"Karibu na kabati."

"Na maabara?"

"Ni ukuta mmoja. Ufunguo nitakupa. Barua yako ya kazi ndiyo itasema mapokezi."

Tupokigwe alimtazama mama yake. Harufu ya kile kidonda ilikuwa imefika hadi kibarazani tangu asubuhi, na wote watatu walikuwa wameisikia, wakaacha kuitaja.

"Tutaondoka leo," alisema.

Chai ilipokwisha, nishani ilikuwa ngumu. Aliigonga kwa ukucha, ikalia kama kengele ya baiskeli. Dokta Hezron aliipokea, akaipangusa kwa leso, na jina lake likaonekana vizuri, herufi zote.

Kaka yake alimbeba Anyosisye mgongoni hadi barabarani. Dereva alikuwa ameshalinasua gari kwa magome ya mgomba. Walimweka mzee kiti cha mbele, mguu juu ya gunia lililokunjwa, na Dokta akapanda nyuma pamoja na Tupokigwe na vyungu. Tupokigwe aliona mashamba ya chai yakianza, kisha paa la zahanati, na akagundua kwamba tangu Jumatatu ile alikuwa amekaza meno. Taya zilimuuma zilipoachia.

Kesho yake muuguzi alikisafisha kidonda kwa muda mrefu. "Mngechelewa mpaka wiki ijayo, huu mguu ungekuwa wa kupelekwa Mbeya," alisema. "Sasa utapona." Tupokigwe alitoka nje, akaegemea ukuta wa zahanati.

Ijumaa wajumbe walifika watatu. Waliingia mapokezi wakipangusa miwani kwa sababu ya ukungu. Dokta Hezron aliwaonyesha kabati, akawaeleza habari za utando, utomvu na nta. Alieleza vizuri. Tupokigwe alisikiliza akiwa kwenye stuli yake na kitambaa cha kufutia vumbi, akaona kwamba safari hii alitaja kupoza nta hadi mkono uivumilie. Dokta alikuwa amemuuliza usiku wa kuamkia Alhamisi, akaandika.

Mjumbe mmoja, mama mrefu mwenye koti la sufu, aliinama karibu na kioo. "Mwaka wa pili huu, lakini inang'aa kama mpya. Nani anaitunza?"

"Huyu mama," alisema Dokta. "Mhudumu wetu wa mapokezi."

"Hongera, mama. Unajua kutunza."

"Asante," alisema Tupokigwe.

Barua ya majibu ilikuja mwezi wa kumi na moja. Alfred aliisoma kwa sauti uani, wafanyakazi wote wamesimama na masweta yao. Kituo kinabaki. Mlinzi aliketi kwenye ngazi, akavua kofia, akawa anaigeuzageuza mikononi. Mtu mmoja alicheka tu, bila sababu, na wengine wakamfuata, wakacheka wote kwa muda kama watu waliotoka kanisani kwenye harusi. Dokta Hezron alimpa mkono kila mmoja. Alipofika kwa Tupokigwe aliushika mkono wake kwa mikono miwili, asiuachie.

"Najua, Dokta," alisema Tupokigwe, na akamsaidia kwa kuondoa mkono wake.

Alikwenda nyumbani mchana ule ule. Anyosisye alikuwa mlangoni, mguu chini, kidonda kimebaki kama sarafu.

"Wameandika jina lako?"

"Hapana, mama."

"Na ufunguo?"

"Ninao."

Mzee alifikiri kidogo. "Basi leo tupumzike, mwana gwangu," alisema. Wakaingia ndani wakalala usingizi wa mchana, wote wawili, mvua ikipiga bati lisilovuja, na Tupokigwe alilala bila kugeuka hata mara moja.

Mwaka uliofuata Dokta Hezron aliandika makala ya maparachichi. Alimletea Tupokigwe akague vipimo, na safari hii vipimo vyote vilikuwa sahihi. Mwishoni aliwashukuru wafanyakazi wa mapokezi.

Mwezi wa saba Alfred aliingia maabara na bahasha. Chama cha wanakemia kilikuwa kinampongeza tena Dokta. Nishani ya pili ingetolewa Oktoba, na safari hii ingekuwa ya fedha.

"Dokta anauliza tuiweke wapi," alisema Alfred. "Anasema uamue wewe."

Tupokigwe alinawa mikono, akaenda mapokezi, akalitazama kabati. Alipima nafasi kwa shubiri. Kisha akaonyesha rafu ya chini, upande wa ukuta wa maabara.

"Hapo," alisema. "Na wakati wa kwenda kuichukua Dar, nitie kwenye orodha ya wasafiri. Fedha ni laini kuliko shaba, haitafika hata Iringa."

Alfred aliandika. Tupokigwe alirudi ndani, akafunga mlango, akayabonyeza maparachichi yake moja moja kwa kidole gumba. Ilikuwa siku ya ishirini na sita, na hakuna hata moja lililolainika.