Wasichana wa Sakafuni

Mwaka wa tisini na tano, Bhoke Nyamhanga alipoingia kidato cha tatu, mwalimu mkuu, Bwana Mayaka, alitangaza kwamba wasichana wote wataacha historia na kuchukua sayansi kimu. Mwalimu wa historia alikuwa mmoja, alisema, na msichana hufaidika zaidi na mapishi na ushonaji.

Bhoke alikuwa amelipenda somo la historia tangu walipofundishwa jinsi Wajerumani na Waingereza walivyochora mpaka wakawagawa Wakuria. Wao waliishi Kenya, na bibi yake alizikwa upande wa Tanzania. Siku zote Bhoke alidhani mpaka ulikuwapo tu, kama mto. Kumbe ni watu walioketi mezani wakauchora!

Kwa hiyo aliingia darasa la historia na kuketi nyuma. Mwalimu Nicanor alimtazama, akaendelea kuandika ubaoni. Mwalimu mkuu akaja kumtoa. Kesho yake Bhoke alirudi, akatolewa tena. Ndipo babake akaitwa.

Mzee Nyamhanga aliacha ng'ombe wake soko la Ogwedhi, akafika amekunja uso. Ofisini aliunga mkono kila neno la mwalimu mkuu, kisha akamgeukia bintiye.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Basi nitaingia darasani nikichechemea, Baba."

Mwalimu mkuu akauliza habari za watu wa kale zinamhusu nini msichana.

"Hao watu wa kale walizaliwa na nani, Mwalimu?"

Jibu lake lilikuwa viboko, na wiki nzima ya kufyeka nyasi uwanjani. Baba hakumtetea. Hata nyumbani hakumsemesha.

Alipomaliza kufyeka, Bhoke alikwenda moja kwa moja darasa la historia, viganja vimejaa malengelenge. Hakukuwa na kiti. Akaketi sakafuni, akafungua daftari. Punde si punde mlango ukasukumwa: wenzake Lorine na Phelesia, na nyuma yao wasichana wengine wa sayansi kimu. Walikaa chini, goti kwa goti, mpaka njia ikazibika.

Mwalimu mkuu alifika na kiboko chake, akasimama kizingitini. Mwalimu Nicanor hakugeuka. Aliwaambia wote wafungue sura ya vita vya Maji Maji.

Kuwatoa wote hakungewezekana. Mwishowe Bwana Mayaka aliridhia, mradi sayansi kimu wasiiache.

Katika mtihani wa taifa Bhoke alipata A ya historia. Sayansi kimu alianguka vibaya, na hakuwahi kujuta.