Dohani Zisizo na Moshi

Kwa jina Lake tunaanza, Yeye aliyeitandaza mbingu bila ya kamba na kuisimamisha bila ya nguzo. Sifa zote ni Zake, na kila mstari wa mwanadamu, hata unyooke vipi, mbele Yake umepinda. Tunajikinga Kwake na ulimi usemao lisilokusudiwa, na mkono uchorao usilolijua.

Ama baada ya hayo, watu wa kisa hiki ni hawa. Wa kwanza ni Enos Stauffer, mchoraji, mtoto wa wakulima wa Lancaster, mwembamba wa mwili na mchache wa maneno. Wa pili ni Vendelin Hrabko, Mslovaki, myeyushaji chuma katika kiwanda cha Tarrow, ukingoni mwa mto Monongahela. Wa tatu ni Zuzana, mkewe Vendelin, ambaye chumba chake cha nyuma ndicho alichopanga Enos. Ilikuwa vuli ya mwaka elfu moja mia tisa thelathini na moja. Matanuru matatu ya kiwanda yalikwisha kupoa, likabaki moja, na wanaume wa bonde lile walilala na kuamka na swali moja tu: hili nalo litazimwa lini? Maana atakayejua mapema atadandia treni ya mizigo aende magharibi, akawahi kazi. Na atakayechelewa atakuta milango imekwisha kufungwa.

Enos alikuwa wa kundi la wachoraji ambao miaka ile walikuwa wameyaacha maua na nyuso za matajiri, wakaelekea kwenye maghala ya nafaka, madaraja na matangi. Waliamini kwamba uzuri wa nchi yao umo katika mstari ulionyooka na pembe iliyopimwa. Alichora kwa rula na uzi uliovutwa, kisha akailainisha rangi kwa brashi kavu hata isionekane njia ya mkono, kana kwamba picha imejizaa yenyewe. Na kila kinachotikisika kilitolewa: watu, vumbi, moshi. Moshi hufunika mstari. Jambo hilo wenzake wa New York walilijua kama waumini waijuavyo kibla, wala hakuna aliyeona haja ya kulieleza.

Vendelin ndiye aliyempandisha juu ya mapaa ya kiwanda, akamshika miguu asianguke.

"Haya, mimi niko wapi humu?" aliuliza siku moja, ameiinamia turubai ya kuchorea.

"Hutokei humu, ndugu yangu. Hamna mtu."

"Yaani nakushika miguu kama mbuzi wa kuchinjwa, halafu hata kofia yangu hunichorei? Kweli shukrani ya punda ni mateke!"

Zuzana alicheka, mikono imejaa unga. "Afadhali! Angekuchora wewe, rula ingevunjikia kwenye hiyo pua."

Picha ilipokamilika, mwenye nyumba moja ya maonyesho huko New York aliahidi kuitundika. Zuzana akaomba, kabla haijasafirishwa, ionyeshwe katika ukumbi wa Waslovaki, Jumapili baada ya misa. Enos alikubali kwa furaha ya mtu ambaye kazi yake haijawahi kutazamwa na wanaoijua.

Watu waliingia wakizungumza. Mbele ya picha wakanyamaza. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, na dohani nne za Tarrow zilisimama ndani yake nyeupe na kimya. Enos aliudhania ukimya ule kuwa ni heshima. Ndipo Bibi Apolonia, mjane aliyezika waume wawili wa kiwanda kile, akainua fimbo yake.

"Moshi uko wapi?"

"Hatuchori moshi, bibi. Unaharibu—"

"Unaharibu nini? Moshi ndio mkate wetu! Dohani isiyo na moshi ni kaburi, kijana. Umetuchorea makaburi manne."

"Huyu hula kwa meneja kila Jumamosi," sauti ikatoka nyuma. "Ameambiwa tanuru litazimwa."

Na kweli alikuwa akila huko, maana bila ya hisani ya meneja asingepewa ruhusa ya kupanda mapaa. Enos aliapa, akaeleza, akarudia. Lakini maelezo yanayokuja baada ya hofu hayapati pa kukaa. Ukumbi ukabaki mtupu, na supu ya kabichi ikapoa katika masufuria.

Alipofika nyumbani alimkuta Vendelin anafunga mzigo.

"Kesho asubuhi," alisema Vendelin bila ya kugeuka. "Treni hupunguza mwendo kwenye makutano. Tunakwenda Gary, kwenye viwanda vya magharibi."

"Vendelin, wallahi sijui lolote! Hii ni namna yetu tu ya kuchora."

"Kwa meneja mlikuwa mnaongea nini?"

"Mbwa wake. Mbwa wake na mawaridi yake."

"Mbwa!" Vendelin alicheka, nacho hakikuwa kicheko. "Jamaa yangu, miaka yote hii nimeshindwa kuingia hata uani kwake, wewe umekaa mezani, halafu unaniambia mbwa?"

Zuzana alimvuta Enos hadi mlangoni, akamkamata shati kwa mikono miwili.

"Bwana Enos, uchore moshi. Wewe uliuondoa, wewe uurudishe. Akienda huyu harudi. Ndugu yangu alikwenda hivyo hivyo. Nakuomba, nitakupigia magoti."

"Usipige magoti, shemeji."

Akaingia chumbani, akaketi mbele ya picha mchana ule wote uliobaki. Alijua anachokiua. Moshi haupimiki, na mkono uliofundishwa kujificha ulisahau namna ya kujiachia; brashi ilikataa, akatumia kitambaa, kisha vidole. Masizi yakatambaa juu ya mbingu aliyoitafuta tangu majira ya kuchipua, yakaimeza dohani moja, yakaipaka ya pili. Kila alipogusa ilibaki alama ya kidole. Hakuzifuta.

Aliibeba ikiwa mbichi hadi jikoni, akaiegemeza juu ya kiti. Vendelin akauacha mzigo, akaisogelea.

"Mwanzo ulikuwa huna habari na mimi," alisema taratibu, "ukachora unachokijua. Leo umemwona mke wangu analia, ukachora tunachokitaka. Sasa nikuamini ya lini?"

"Niamini ya leo! Toka nje utazame, tanuru linawaka!"

"Linawaka, ndiyo. Hata mgonjwa hupata nafuu saa ya kukata roho." Akamwekea mkono begani. "Hata padri hatwambii kweli tukiwa kitandani. Sikulaumu, ndugu mchoraji. Umenionea huruma, na hiyo huruma yako ndiyo imenihakikishia kwamba litazimwa."

Asubuhi Enos alimfuata hadi kwenye makutano, akaung'ang'ania mkoba wake kama mtoto, mpaka Vendelin akambandua vidole kimoja kimoja, kwa upole. Treni ikaja, wanaume wakakimbia ubavuni mwake, wakaparamia. Zuzana hakulia. Alisimama kwenye changarawe, leso yake ikipepea, nyuma yake tanuru la nne likitoa moshi mnene, mweusi, wa kawaida.

Nalo halikuzimwa. Liliwaka vuli ile, likawaka majira ya baridi yote, na kazi ya Vendelin akapewa mwingine kabla ya juma kwisha. Baadhi ya waliodandia naye walirudi wakiwa wamekonda. Walisema waliachana penye uwanja wa treni wa Gary, wakifukuzwa na walinzi, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Mwenye nyumba ya maonyesho alikuja mwenyewe kuitazama picha, akasema si ya kundi lile tena, akaenda zake na kofia yake.

Enos akaanza kufunga sanduku lake. Zuzana akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nitakaaje hapa, shemeji? Kila ukiniona..."

"Kila nikikuona nakuchukia, ndiyo. Kaa. Akirudi nataka akukute humu humu, umwambie kwa kinywa chako kwamba ulikuwa hujui. Mimi sitaweza kumwambia, nitapasuka."

Akalifungua sanduku. Walikula tambi na kabichi, na kila hatua ya mpita njia barabarani ikawafanya wote wawili wainue vichwa.

Ewe Mola unayewaona waliofichika kwetu, mrehemu aliyekwenda, popote aliposimama au alipolala. Na hawa waliobaki, wenye kungoja katika nyumba moja na majonzi tofauti, wape subira isiyogeuka kuwa jiwe, uwape riziki na usingizi, na uwahurumie kuliko wanavyoweza kuhurumiana. Amina.