Shakwe Hadanganyi Umri

Bosi wangu angeweza kukutajia umri wa shakwe aliyekufa kabla hujavuta kiti, lakini umri wake mwenyewe ulikuwa siri ya serikali. Miaka mitatu mfululizo alikuwa na hamsini na minane. Ukimpa shikamoo alinuna: "Usinizeeshe, sema habari za asubuhi." Sisi wa chumba cha ndege, pale makumbusho, tulimwita Kijana. Akiwa hayupo, lakini.

Kazi yetu ni kutunza ndege waliokaushwa, kila mmoja na lebo yake mguuni. Shakwe, hawa ndege wa baharini, ndio hutoa watu jasho. Wa mwaka wa kwanza ni kahawia mwili mzima, kachakaa, utadhani babu wa mababu. Wa pili, mgongo unaanza kuingia kijivu. Akifika wa nne ndipo anatakata, kichwa cheupe pe, na wageni humnyooshea kidole: mtoto huyo! Kijana aliwacheka mpaka machozi.

Halafu lebo. Lebo yenye umri wa uongo ilimuwasha mwili. Kosa likatwe mstari mmoja, ukweli uandikwe juu kwa wino mwekundu, kisha saini na tarehe. Aliwahi kukatiza likizo ya ugonjwa kwa sababu ya shakwe mmoja niliyempa mwaka wa tatu badala ya wa pili.

Sheria inasema miaka sitini, mtu nyumbani. Nafasi yake nimeisubiri miaka kumi na moja, na sioni haya kusema nilikuwa naitaka. Basi fununu kuhusu cheti chake cha kuzaliwa zilipozidi, wakubwa watano wa kamati wakaja kuamua kama aende au abaki. Kijana hakuwaonyesha cheti. Aliwaonyesha shakwe.

"Ndege anayebadili manyoya hawezi kujificha," alisema, kainamia trei. "La zamani limefifia, jipya linaota na rangi yake ya kweli. Msitazame ncha, waheshimiwa. Tazameni shina."

Waheshimiwa wakainama wote. Mimi nilikuwa nimesimama juu yao, nimeshika taa. Chini yangu kulikuwa na vichwa sita, vyeusi kama kiwi ya viatu, na kwenye mashina ya nywele, vyote sita, mstari mweupe kama chaki. Sikujua nicheke au nilie.

Mwenyekiti akajinyoosha, akakohoa. "Kamati imeridhika. Huyu bado ana damu inayochemka." Akanigeukia. "Na wewe binti, bado mchanga. Zamu yako itafika."

Nina miaka arobaini na sita. Nusu ya kichwa changu ni mvi, na sijapaka kitu.

Walipoondoka nikaanza kukusanya vitu kwa hasira. Kwenye trei, pale alipokuwa ameinama Kijana, ulikuwa umedondoka unywele mmoja, mweusi nchani, mweupe shinani. Nikautia kwenye kichupa, nikakifunga lebo: *Mkuu wa chumba cha ndege. Dume, mzima. Umri: miaka 62, kwa kutazama shina.* Nikakiweka kwenye droo ya shakwe, katikati ya wenzake. Ulikuwa utoto tu, nijichekee peke yangu.

Jumatatu nilifungua droo. Lebo ilikuwa imeguswa. Ile 62 ilikuwa imekatwa, mstari mmoja, umenyooka. Juu yake, kwa wino mwekundu: *64*. Saini yake. Tarehe. Na pembeni, kwa herufi ndogo: *Uwe makini zaidi.*

Nikamtazama. Alikuwa mezani kwake, anapiga mluzi, katulia kama mtu aliyefagia uwanja wake vizuri. Sidhani hata alikuwa amefikiria lebo ile ilimhusu nani. Aliona kosa, akalisahihisha.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba," akaitika, bila kuinua kichwa. Akarudia mluzi wake, kisha ukakatika.

Sikungoja ainuke. Nilitia kichupa mfukoni nikapanda ngazi, mbili mbili, kwenda kwa afisa utumishi. Yeye, namshukuru Mungu, ana upara.