Daku ya Komunyo

Katekista Marcellin aliwapenda watoto wote wa Mungu, kutoka Kasongo mpaka Kabambare. Yule wa kwake tu, Feza, ndiye hakupata nafasi ya kumuangalia. Mama ya Feza alikufa zamani. Na bibi mupya wa baba, Julienne, alijua kupakua: sahani kwa bwana, sahani kwake, harufu kwa Feza.

"Baba yenu wa mbinguni anawapenda!" Marcellin alifundisha na fimbo mukononi, ili mapendo isisahaulike. Baba mwenye kuona yote na kukasirika upesi: Feza alimujua huyo nyumbani, mbele ya kusoma katekismu. Aliwaogopa wote wawili sawasawa.

Komunyo ya kwanza ikafika.

"Tangu katikati ya usiku usiguse kitu, hata maji," baba akamuambia. "Ukikula, ni zambi kubwa. Ukiniletea haya, utaniona."

Kufunga! Hapo Feza aliwashinda watakatifu.

Lakini jirani yao Mama Mwamvita, muislamu wa ukoo wa wangwana wa zamani, akasikia mutoto anafunga. Jogoo hajawika, akamuita uani.

"Mwanangu, nani anafunga bila daku? Kula upesi, mbele kupambazuke. Katekista muzima hakukuambia?"

Wali, samaki, chai ya sukari. Feza akawaza: mama huyu anafunga mwezi muzima kila mwaka, anajua kazi. Akakula.

Kanisani, baba akatangaza: "Aliyekula tangu katikati ya usiku, hata punje moja, asisogee!"

Feza akasogea na wenzake, baba anamuangalia. Mbele, moto wa milele, kando, baba. Padri akamuletea ostia, Feza akafunga kinywa.

"Fungua, mwanangu."

"Mon père, nilikula daku. Mama Mwamvita alisema anayefunga anakula mbele ya alfajiri."

Marcellin akakohoa kama aliyemeza mufupa.

"Na jana jioni ulikula nini?" padri akauliza.

"Hakuna."

"Sababu ya kufunga?"

"Hapana, mon père. Ni kama kila siku."

Padri akageuka polepole. "Katekista, Jumapili nitapita tena nikitoka Lusangi, nimupe komunyo. Jumamosi jioni utamulisha weye mwenyewe, kwa sahani yako, ashibe. Nitamuuliza. Na habari ya fimbo yako hiyo nitamuuliza vilevile."

Jumamosi, Marcellin akakaa na binti yake, sahani moja, uso wa mutu anayetimiza malipizi. Mpaka siku ile Feza hakujua namna baba yake anatafuna.

"Ongeza. Umeshiba?"

"Bado kidogo, baba."

Akamusukumia paja la kuku. Feza akalisafisha mpaka mufupa, akapanguza midomo, akauliza kwa heshima yote:

"Baba, komunyo ya pili ni siku gani?"