Koti Lililoachwa Msumarini

Vijana wa Kisomali wa Stechford, Birmingham, walikuwa na kipimo chao cha kumjua anayekwenda kutupwa, yaani kupelekwa Afrika kwa hila na kuachwa huko. Hawakuangalia tiketi, maana kila tiketi ina kwenda na kurudi. Waliangalia koti. Mtu anayekwenda Nairobi mwezi wa Desemba, na nia yake ni kurudi Januari, huvaa koti lake la baridi mpaka uwanja wa ndege. Atatoka jasho huko aendako, lakini akirudi Birmingham barafu itamkuta amejiandaa. Ogle alipopelekwa Isilii, Nairobi, kwa harusi ya binamu, koti lake jekundu lilibaki nyumbani. Wiki iliyofuata mdogo wake alilivaa kwenda shule, mikono imemfunika mpaka kucha. Ogle mwenyewe hakuonekana tena.

Kwa hiyo Muslimo alipomwambia mwanawe, "Koti liache hapo hapo msumarini, hooyo, Nairobi ni jua tupu," Tahlil alimkumbuka Ogle.

Hooyo ni mama, na mama wa Kisomali humwita hivyo hata mtoto wake. Siku nyingine Tahlil hulipenda neno hilo. Siku hiyo, mwaka wa 2006, akiwa na miaka kumi na tano na safari ya kwenda harusini Nairobi ni kesho yake, lilimwingia sikioni kama kibaridi.

Alikuwa amekwisha kuona mengi. Simu za jikoni, kwa Kisomali cha chini chini ambacho yeye hukishika nusu nusu. Akiingia tu, mama anahamia kwenye habari za mvua. Sanduku la Tahlil limejaa kanzu na ndala mpya, nguo za kukaa, si za kutembelea harusi. Naye Tahlil alikuwa na silaha yake. Wakifika uwanja wa ndege atamwendea askari, aseme: huyu mwanamke ananiiba. Maneno hayo aliyafanyia mazoezi bafuni, kwa Kiingereza kilichonyooka, mpaka sauti ikaacha kutetemeka.

Alasiri mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yao Immaculée, Mkongomani, na mwanawe Mardochée ameshika spana.

"Hodi, Mama Tahlil! Tumekuya kubeba kitanda."

"Kitanda gani?" Tahlil akauliza kutoka kwenye ngazi.

"Kitanda yako, papa. Mama yako alisema hautaihitaji tena." Immaculée akaziba mdomo. "Yesu wangu! Hakukuambia?"

Tahlil alishuka ngazi kwa kishindo. "Kwa hiyo ni kweli! Unakwenda kunitupa kama Ogle!"

Muslimo hakurudi nyuma. "Na wewe, chini ya godoro la kitanda hicho ulinificha nini? Sema mbele ya watu. Kile kisu unakatia nyama?"

"Wale wavulana wa kituo cha treni wananivizia kila siku. Nyama ni mimi, hooyo!"

Mardochée aliiangalia spana yake kana kwamba imemsaliti. Immaculée, kwa kukosa la kufanya, akajifunga vizuri koti alilovaa, na hapo ndipo macho ya Tahlil yalipotua. Koti la kahawia la mama yake. Kifungo cha tatu ni cha kijani, kwa sababu kile cha asili alikimeza yeye Tahlil alipokuwa mdogo.

Akageuka kutazama ukutani. Koti lake lilikuwepo. Msumari wa pembeni, wa mama, ulikuwa mtupu. Siku zote hizo alilinda koti moja tu.

"Hooyo, wewe utarudi na nini?"

"Nani kakwambia narudi?" Muslimo akakaa juu ya sanduku. "Kule Aston, kwenye kiwanda cha mikate, nimeshawaaga. Mama yake Ogle alimwacha mtoto akarudi. Mimi moyo huo sina. Ningekaa na wewe."

"Ungeniambia lini?"

"Ndegeni. Huko huna dirisha la kurukia."

"Mimi ningekushtaki kwa askari kabla hatujapanda."

"Najua. Nilikusikia bafuni. Kiingereza chako kizuri." Akajifuta uso na ncha ya mtandio. "Ningelia. Mama akilia, tungeona askari anamwamini nani."

Immaculée alikuwa ameshavua koti. Akaliweka mapajani mwa Muslimo. "Miye nilikuya kubeba kitanda, si kubeba kesi. Mardochée, twende!"

Walipobaki wawili, Tahlil alisimama mbele ya mama yake, mikono kifuani. "Naja kwenye harusi. Kukaa huko, hapana. Kisu sitakigusa tena. Lakini wale wavulana bado wapo."

"Kisu nimeshakitupa mferejini, na ndiko kitakakokaa. Tukirudi, kituo cha treni tutakwenda wote."

"Utaniaibisha."

"Nitakuaibisha mpaka wakuonee huruma."

Asubuhi Pritam, dereva wa teksi, alipiga honi. Mama na mwana walitoka wamefunga makoti mpaka shingoni, kila mmoja akivihesabu kwa macho vifungo vya mwenzake. Ndani ya gari Muslimo aliingiza mkono kwenye mkoba wa kiunoni, ule aliokimbia nao vita na ambao hajawahi kumpa mtu, akatoa pasipoti mbili.

"Shika wewe. Na yangu."

Tahlil alifungua kila moja, akatazama picha, akatazama tarehe. Akaziweka mfuko wa ndani wa koti, akafunga zipu. Mama akaegemea dirisha, akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo. Mwana hakufumba. Mpaka wanashuka uwanja wa ndege, mkono wake ulikuwa bado umekandamiza pale kifuani.